Majani Hayangoji Wageni

Ijumaa, jioni. Ukungu umeshuka tangu saa saba na haujainuka. Mkaratusi ulio hatua kumi kutoka mlangoni kwangu siuoni. Nimetia komeo mlango, jambo ambalo sijawahi kulifanya kukiwa bado na mwanga nje.

Leo nimesema uongo mbele ya watu kumi na wawili.

Ulikuwa neno moja tu: "Sikumbuki."

Naandika kwa kalamu. Mashine ya taipu ya ofisini siwezi hata kuifikiria. Shuleni tulifundishwa kueleza kwanza kilichotokea, kisha ndipo maoni yafuate. Nitajaribu, ingawa leo maoni yananitangulia. Namchukia Meneja Mkuu wetu. Nimeliandika, na mkono haukukataa.

Mimi ni karani wake. Nina miezi minane kazini, na barua yangu ya kuthibitishwa iko kwenye droo yake, haijatiwa saini. Kila nikiingia na faili namwona akiigusa ile droo kwa goti. Labda hajui kwamba anaigusa. Labda anajua.

Nimesimuliwa siku aliyofika, kiwanda cha chai kilipochukuliwa kutoka kwa Wazungu kikawa cha umma. Alipanda juu ya sanduku la chai akasema, "Ndugu zangu, kiwanda hiki sasa ni chenu." Watu walipiga makofi hadi viganja vikapata moto. Kisha akaenda kulala katika nyumba ya Mzungu kule juu mlimani, akakaa kwenye kiti cha Mzungu, akaendelea kuipiga kengele ile ile ya mezani. Kwenye mikutano tunamwita Ndugu. Kwenye ujia wa ofisi tunamwita Bwana Mkubwa, kwa sababu ukimwita Ndugu pale, hasikii.

Wafanyakazi wakiwa peke yao humwita Naizi, kama wanavyowaita wote waliorithi viti vya Wazungu bila kubadilisha hata mto wa kukalia.

Sasa kilichotokea.

Alhamisi ya wiki iliyopita zilikuja habari kwamba wageni wakubwa kutoka wizarani watafika Jumamosi saa nne asubuhi. Meneja Mkuu alifurahi kama mtu aliyetangaziwa ndoa. Akaagiza mawe ya njiani yapakwe chokaa. Akaagiza wanawake wa uchumaji wavae kanga zinazofanana, na hilo likashindikana. Kisha akasema anataka wageni wakute mashine zote nne zinanguruma, zimejaa majani. Kwa hiyo majani ya Alhamisi na ya Ijumaa yasisagwe. Yangoje.

Asiyeishi na chai hawezi kujua ubaya wa agizo hilo. Jani likichumwa bado lina uhai. Tunalitandaza juu ya vitanda vya waya, upepo unapita, linanyauka usiku kucha, na asubuhi yake ni lazima lisagwe. Likicheleweshwa hujipasha moto lenyewe, kama lundo la samadi, likawa jekundu na chachu. Hakuna dawa ya kulirudisha. Na vitanda vyetu vinatosha majani ya siku moja, si ya siku mbili.

Msimamizi wa unyaushaji ni Mzee Singano. Amefanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Huingiza mkono ndani ya majani mpaka kwenye kiwiko, akachota konzi, akaifinya, kisha akafungua kiganja. Kile kidonge cha majani kikifunguka polepole, saa imefika. Hana saa ya mkononi, na hajawahi kukosea.

Alipolisikia agizo alipanda ofisini. Viatu aliviacha nje, kama kawaida yake, akasimama mlangoni na soksi zake zenye matope. Mimi nilikuwa mezani kwangu. Nilisikia kila neno.

"Bwana Mkubwa, majani hayangoji wageni. Ya leo tuyasage kesho alfajiri. Wageni watakuta ya Ijumaa."

"Ya Ijumaa peke yake ni machache. Mimi nataka mashine zote nne zilie."

"Zitalia, Bwana Mkubwa. Zitakuwa zinasaga uozo."

"Mzee, hapa meneja nani?"

"Ni wewe. Ila majani hayajaambiwa."

Nilicheka. Si kwa sauti, pumzi tu ilinitoka puani. Meneja Mkuu aligeuka akanitazama. Hakuninyooshea kidole wala hakunifokea. Goti lake likagusa droo.

"Karani, piga tangazo."

Nikapiga. Nilitia karatasi tatu na kaboni mbili katikati, nikaandika kwamba kwa amri ya Meneja Mkuu majani yote ya Alhamisi na Ijumaa yasisagwe mpaka wageni watakapofika. Akatia saini. Nikaenda kuibandika nakala moja kwenye mlango wa kiwanda kwa gundi ya unga wa muhogo.

Hapo palitokea jambo ambalo leo limenichoma kuliko yote. Mzee Singano anahudhuria kisomo cha watu wazima, huu ni mwezi wa tatu. Alisogea mlangoni, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Kwa. A-mri. Ya. Me-ne-ja. Watu wa zamu walimzunguka. Alitumia muda mrefu sana. Alipofika kwenye nukta ya mwisho, fundi mmoja akapiga kelele, "Haya! Sasa tukuite Mwalimu Singano!" Mzee akacheka, akajifuta jasho. "Nimesoma jambo baya," alisema, "lakini nimelisoma mwenyewe."

Jumamosi wageni walifika saa saba mchana. Majani yalikwisha kuwa mekundu. Yale ya Ijumaa yalikuwa kwenye magunia sakafuni, na ukiweka mkono juu ya gunia unahisi joto. Mashine zote nne zilinguruma. Mgeni mmoja alitoa leso akaziba pua, na Meneja Mkuu akamwambia, "Hiyo ndiyo harufu ya kazi, mheshimiwa." Wakacheka. Wakapewa chai ya kopo, ya mwezi uliopita, wakaisifu. Makofi yalipigwa. Mimi pia nilipiga.

Jumapili, nikitoka kanisani, ile harufu nilikutana nayo mpaka kwenye njia ya kwenda Bumbuli.

Jumatatu asubuhi aliniita. Akataka tangazo libanduliwe na nakala zote ziletwe. Nilibandua kwa kisu na maji ya moto. Nikaleta nakala mbili za faili. Akaniambia nizichome kwenye jiko la mpishi wa ofisi. Nilichoma moja moja, kwa uangalifu, kama nifanyavyo kila kitu. Nikahakikisha hakuna hata kipande chenye herufi. Mtu mwingine angeficha nakala moja kwenye soksi. Mimi sikufikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria kama moto utaunguza kidole changu.

Jumanne simu ililia kutoka makao makuu Dar es Salaam. Chai yetu imekataliwa yote, haifai kunywewa, nani amehusika? Nilidhani atakohoa kwanza. Nilidhani hata mwongo huvuta pumzi. Yeye hakuvuta.

"Mhujumu tunaye," alisema. "Tunamshughulikia."

Neno hujuma si neno la mchezo siku hizi. Mtu akishaitwa mhujumu haulizwi tena alifanya kazi miaka mingapi.

Jumatano nilipiga barua ya kumtuhumu Mzee Singano kwamba alikaidi maagizo na kuacha majani yaoze kwa makusudi ili kuliaibisha taifa mbele ya wageni. Nilipiga bila kosa hata moja la herufi.

Leo, baada ya swala ya Ijumaa, kikao cha halmashauri ya wafanyakazi kilikaa katika chumba cha kuonjea chai. Mzee Singano alitoka msikitini moja kwa moja, kanzu yake imelowa ukungu sehemu za chini. Alisomewa barua. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mashine inayolia vibaya.

Akasema, "Mimi niliambiwa yangoje. Tangazo lilikuwa mlangoni. Nililisoma."

Wajumbe wawili wakasema kweli, tangazo lilikuwepo, waliliona.

Meneja Mkuu hakukataa. Hapo ndipo nilipomwogopa kweli. Alisema ndiyo, tangazo lilikuwepo, la kuwaambia watu wafanye usafi kwa ajili ya wageni. Akawauliza wale wajumbe wawili kama walilisoma wenyewe. Mmoja hajui kusoma. Wa pili alimsikia Mzee tu.

"Basi," akasema Meneja Mkuu, kwa upole, tena akitabasamu, "mzee wetu ana miezi mitatu ya kisomo. Tumpongeze. Lakini jamani, tufukuze ukweli kwa sababu ya mtu anayesoma kwa kidole? Alisoma alichopenda."

Watu wawili watatu walicheka. Mzee Singano alitazama kidole chake. Sijui kama alijua kwamba anakitazama.

Mwenyekiti wa tawi, Ndugu Kaniki, si mtu mbaya. Aligonga meza akasema, "Aliyelipiga tangazo yumo humu. Karani, lilisemaje?"

Nilikuwa naandika muhtasari. Kalamu ilisimama. Nilimwona mama yangu kule nyumbani karibu na Irente, jinsi alivyolitangazia kanisa zima kwamba mwanawe yuko ofisini na anakaa kwenye kiti. Nikaiona droo. Nikaona gari la polisi ambalo halikuwepo.

"Sikumbuki, Ndugu Mwenyekiti. Napiga matangazo mengi."

Kisha nikainama nikaandika jibu langu mwenyewe kwenye muhtasari, kwa mwandiko mzuri.

Imeamuliwa Mzee Singano aachishwe kazi leo hii, na muhtasari upelekwe Lushoto kesho kwa Landrova ya saa tatu, polisi wauone. Mimi ndiye wa kuupiga taipu alfajiri.

Nilipotoka nilimkuta Meneja Mkuu kwenye ujia. Akaniwekea mkono begani. "Una busara," alisema. "Uongozi ni kazi ya upweke, kijana. Siku moja utaelewa. Mkubwa akianguka, kampuni nzima inaanguka, kwa hiyo kuna wakati mdogo anaanguka kwa niaba yake." Alisema hivyo kama anayegawa pipi.

Nimelitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi, na nimelitema.

Bibi yangu, mzaa mama, aliishi enzi za machifu na hakuwapenda. Waliwalimisha watu mashamba yao, wakachukua mbuzi wao. Sisemi warudi. Lakini alinieleza jambo moja. Wakati huo mvua ikikatika, watu hawakumwuliza mlinzi wa njia wala mpiga ngoma. Walimwendea chifu mwenyewe, wakamwambia usoni, kwa Kishambaa, kwamba anaiharibu nchi. Kubana shi. Na kama mvua ilinyesha vizuri, walisema ameiponya. Chifu hakuruhusiwa kusema mvua si kazi yangu. Alikula minofu ya kila mbuzi, basi lawama ya kila wingu ilikuwa yake pia.

Mtu yule alibebeshwa hata kosa la mawingu. Huyu wetu hawezi kubeba hata kosa la kinywa chake mwenyewe, na minofu anakula.

Sijui kuongoza kampuni ni nini. Sijawahi kuongoza hata kwaya. Lakini naona kwamba mtu aliyepokea makofi ya Jumamosi hana haki ya kumtuma mwingine aende kupokea harufu ya Jumapili. Kama hiyo ndiyo kazi yenyewe, basi kiti kile kinaweza kukaliwa na gunia, tena gunia halina droo.

Nimeandika kwa ujasiri mkubwa. Laiti ningekuwa na ujasiri huu saa nane mchana.

Kabla ya kuja kujifungia hapa, nilikwenda kwa Mzee Singano. Ni mwendo wa nusu saa kuteremka, kupita migomba. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, na yalikuwa mazuri.

Mkewe, Mama Zaina, alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika.

Aliendelea kuchambua. Tangu nimezaliwa sijawahi kumwamkia mtu mzima akaniacha nimesimama hivyo. Shikamoo yangu ilibaki pale kama mzigo usio na mwenyewe. Nikasema tena. Akatupa punje mbovu karibu na viatu vyangu.

"Singano!" aliita ndani. "Njoo uone, umeletewa karani. Sijui kaja kuandika idadi ya sufuria!"

Mzee alitoka. Kanzu ameshavua, amevaa shati la kazini, lile lenye madoa ya chai. Nadhani hakuwa na lingine. Yeye aliniitikia, kwa sababu ni mtu wa adabu, lakini hakunikaribisha kukaa.

Nikaanza maneno yangu. Nilisema nisamehe mzee wangu, nilishikwa na woga, najua lilivyosema lile tangazo, nalikumbuka lote.

"Unalikumbuka?"

"Lote, mzee."

"Kumbe." Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya upole hata kidogo, "Sasa mimi unanieleza nini? Mimi nililisoma. Mke wangu nilimsomea hapa hapa kutoka kichwani, akanipikia jogoo kunipongeza. Sisi wawili tu ndio tusiohitaji kuambiwa."

"Nimekuja kuomba radhi, mzee."

"Ulininyima mbele ya watu, unakuja kunirudishia uani? Neno likimwagwa barazani, huzolewa barazani. Hata mtoto wa Kishambaa anajua. Au shuleni waliwaondolea hayo?"

Mama Zaina akadakia, "Waliwaondolea na mate. Ona anavyomeza."

Nilikuwa nameza kweli.

"Usije tena hapa na radhi ya kificho," Mzee alisema. "Ukija nayo, nitakufukuza kwa fimbo, na mimi sijawahi kumpiga mtoto wa mwenzangu." Akaingia ndani. Mama Zaina akanyanyua ungo, akaupeta, na makapi yakanirukia suruali. Sijui kama alikusudia. Nadhani alikusudia.

Nilipanda mlima nikiwa na hasira naye. Naliungama hili pia. Nilitaka anisamehe kwa sababu ingekuwa rahisi. Ningelala. Ningepiga muhtasari alfajiri nikijiambia kwamba mimi na mzee tumeshayamaliza, na polisi wangemchukua mtu aliyenisamehe.

Hiyo ndiyo radhi niliyokuwa nimeibeba. Ya kunifaa mimi.

Basi ndivyo yanavyoanza, nimefikiri hapa, wakati maji ya chai yangu yanapoa. Meneja Mkuu hakuzaliwa hivyo. Siku moja alikuwa karani wa mtu, akasema hakumbuki, akawekewa mkono begani. Mwaka uliofuata akawa na kiti kikubwa kidogo. Kama nikinyamaza kesho, nitathibitishwa kazini. Nitapanda, kwa sababu sina kosa la herufi. Na baada ya miaka kumi nitakuwa na droo yangu.

Hilo limenitisha kuliko polisi.

Kesho saa kumi na mbili na nusu, kabla zamu haijaingia, mimi ndiye ninayesoma majina ya wafanyakazi langoni. Watu wote huwepo, wa mashine na wa uchumaji, na Meneja Mkuu husimama ngazini kwa juu, mikono nyuma. Amekwisha kulikata jina la Mzee Singano kwa wino mwekundu. Nimeagizwa nilipite.

Sitalipita. Nitalisoma, kwa sauti ile ile ninayosomea mengine. Watu watageuka, na kabla Bwana Mkubwa hajateremka ngazi nitasema kwamba tangazo nililipiga mimi, nitalitamka neno kwa neno, nitasema nani alitia saini na jiko gani lilizichoma nakala. Kisha nitasema kwamba leo kwenye kikao nilidanganya. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nimelijaribu hapa chumbani mara nne, mara tatu sikulimaliza.

Sina karatasi ya kuonyesha. Nina mdomo tu, na tayari umeshaonja uongo. Wataniamini? Ndugu Kaniki atasimama upande gani? Mama yangu atasikia kabla ya ibada ya Jumapili, hilo nina hakika.

Mwandiko umeharibika ukurasa huu. Natoa komeo mlangoni. Nikilala nimejifungia, asubuhi nitapata kisingizio cha kutotoka.

Ee Mungu, sauti itatoka?